Hayashi, mori au shinrin: nitumie neno gani la Kijapani kwa msitu wa Kakamega?

Mtembezaji wa Dunga (Kisumu)

Hamjambo nyote.

Kazi yangu ni kutembeza wageni, na kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikijifunza Kijapani jioni baada ya kazi, kwa kuwa kila mwaka hupata vikundi viwili vitatu kutoka Japani ambavyo Kiingereza changu hakivifai kitu. Hivi karibuni niliandika kijikaratasi cha kurasa mbili kinachoeleza safari zetu: msitu wa Kakamega, migunga iliyo kando ya Ziwa Nakuru, na mahali fulani njiani tunapopumzika chini ya mikaratusi iliyopandwa na mwenye shamba. Kila palipohitaji neno "msitu" niliandika hayashi, kwa sababu ndilo neno nililolikuta kwanza katika kitabu changu cha kuanzia, na alama yake ni rahisi kuikumbuka: miti miwili iliyosimama bega kwa bega, 林.

Kisha akaja mgeni mmoja, mama wa makamo, ambaye alikuwa amekisoma kijikaratasi hicho kabla ya kusafiri. Alifika Kakamega amevaa ndara nyepesi. Alipoona jinsi njia inavyoingia gizani na matope ya mvua ya jana yalivyokuwa bado yanang'aa, alicheka kwa adabu, akaniambia kwamba neno nililoandika lilimfanya atarajie matembezi mepesi mahali penye jua, na kwamba pale tulipokuwa tumesimama hapakuwa hayashi bali mori. Nilimwazima viatu vya mke wangu vilivyokuwa garini, tukaendelea, lakini aibu ilinibaki.

Niliporudi nyumbani nilitafuta mori, nikakuta ni 森, miti mitatu. Nikadhani nimelifumbua fumbo: miwili ni msitu mdogo, mitatu ni mkubwa. Hapo hapo nikakutana na shinrin, 森林, ambayo ni alama zote mbili zikifuatana, na kamusi yangu inaipa maana ile ile ya msitu. Naomba mnaojua lugha hii mnieleze kama tofauti ni ya ukubwa peke yake, na neno lipi linafaa kwa kila mojawapo ya mahali pangu patatu.

Fundi Miche (Nakuru)

Ndugu mtembezaji, pole kwa aibu hiyo, ingawa mgeni wako alikufundisha bure jambo ambalo mimi lilinichukua miezi mingi kulishika, nilipokuwa Japani kwa mafunzo ya upandaji miti. Ukubwa umo, lakini si wenyewe unaoamua. Nilionyeshwa hayashi iliyofunika mlima mzima na mori unayoweza kuizunguka kabla chai haijapoa.

Anza na asili ya maneno yenyewe, kwa sababu alama za kuandikia zilitoka China na kuvikwa maneno ambayo Wajapani walikuwa nayo tayari. Hayashi hunasibishwa na kitenzi hayasu, yaani kuotesha au kuacha kitu kiote, na hicho ndicho kitenzi ambacho Mjapani hukitumia hata leo akisema kwamba mtu amefuga ndevu. Mori nalo wengi hulihusisha na moru, kurundika, kama mtu anavyopakua wali ukafanya kilima juu ya sahani. Kwa hiyo katika neno la kwanza kuna miti iliyooteshwa, inayosimama mmoja mmoja na kuonekana mmoja mmoja. Katika neno la pili kuna rundo, donge la kijani kibichi linaloinuka juu ya ardhi, ambalo ukiwa mbali huoni mti bali unaona msitu. Ndiyo maana utasikia mara nyingi maelezo kwamba hayashi ni ya kupandwa na mori ni ya asili. Maelezo hayo yatakufikisha mbali, lakini usiyafanye sheria.

Mimi mwenyewe huangalia maneno yanayoandamana nayo. Wajapani husema fukai mori, msitu wenye kina, na usugurai mori, msitu wenye kigizagiza. Ukisema fukai hayashi watakuelewa, lakini watahisi kwamba kuna kitu hakijakaa sawa, kama mtu anayetuambia kwamba alizama katika bustani. Hayashi ni akarui, yenye mwanga, na kitenzi chake cha kupendeza ni nukeru, kupenya hadi upande wa pili: unaona unakotokea. Mori unaingia, na ukikosa kuwa mwangalifu unapotelea humo. Sisi katika Kiswahili tunabeba tofauti hizi kwa kuongeza maneno nyuma ya nomino, tukisema msitu wa asili, msitu mnene, msitu wa kupandwa. Wao wameiweka sehemu kubwa ya kazi hiyo katika nomino yenyewe, na ndiyo sababu kamusi inayotoa tafsiri ya neno moja haikusaidii.

Jambo la pili, na hili ni karibu kanuni: ukitaja aina ya mti, neno ni hayashi, na mara nyingi h yake hugeuka b. Msitu wa misonobari ni matsubayashi, wa miti ya sugi ni sugibayashi, wa mianzi ni takebayashi, ingawa huu wa mianzi pia husomwa chikurin kwa sauti za Kichina. Ukijaribu kusema sugimori, mtu atadhani unamtaja bwana fulani, maana hilo ni jina la ukoo. Kwa hiyo mikaratusi yako ni yūkari no hayashi na hapo hukukosea hata kidogo.

Kuhusu shinrin: hilo ni neno la karatasi. Ni lugha ya sheria, ya takwimu, ya watu wa sayansi na wa serikali. Sheria ya Misitu ya Japani ya mwaka 1951 inaitwa Shinrinhō, na mtu akiandika kwamba karibu thuluthi mbili za nchi ile zimefunikwa na misitu ataandika shinrin, kwa sababu hapo anahesabu mori na hayashi pamoja bila kujali mwanga wala giza. Mtoto katika hadithi hapotei ndani ya shinrin. Hupotea ndani ya mori. Neno moja tu la jamii hiyo limeshuka hadi midomoni mwa watu wa kawaida, nalo ni shinrin'yoku, kuoga msitu, ambalo Idara ya Misitu ya Japani ililibuni mwaka 1982 ili kuwahimiza watu watembee msituni kwa ajili ya afya zao. Wageni wako wanalijua sana, na ukiliweka kwenye kijikaratasi utawavuta, mradi usiliweke kwenye ile sehemu ya mikaratusi.

Kakamega basi ni Kakamega no mori. Ukitaka kueleza kitaalamu kwamba ni mabaki ya upande wa mashariki ya misitu ya mvua ya Afrika ya kati, ongeza nettai urin, msitu wa mvua wa ukanda wa joto. Hiyo -rin ya mwisho ni alama ile ile ya hayashi ikisomwa kwa sauti ya Kichina, na inapokuwa mkia wa istilahi haibebi tena ule wepesi na mwanga. Utaikuta katika genseirin, msitu ambao haujaguswa, na katika jinkōrin, msitu uliotengenezwa na watu, ambao kule ni takriban asilimia 40 ya misitu yote, mingi ikiwa ni sugi na hinoki iliyopandwa kwa wingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwa mkanda wa miti ya kuzuia upepo shambani kuna bōfūrin. Miti ya kando ya barabara, kama mijakaranda ya huku kwetu Nakuru, haimo kabisa katika familia hii: hiyo ni namiki, safu ya miti.

Migunga ya ziwani nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo yenye mtego. Kwa mdomo sema akashia no hayashi. Kwa maandishi kuna neno zuri zaidi, sorin, 疎林, msitu wa miti iliyoachana, ambalo Wajapani hulitumia sana wanapoeleza nyika za Afrika zenye migunga. Mtego ni kwamba Mjapani wa kawaida akisikia akashia huenda akawaza mti mwingine kabisa, wenye maua meupe na asali maarufu, ambao kwa jina kamili huitwa nise-akashia, akashia bandia. Mwambie tangu mwanzo kwamba wetu una gamba la manjano. Ile iliyokufa imesimama majini baada ya ziwa kupanda, usiiite hayashi wala mori; sema tachigare no ki, miti iliyokauka ingali wima.

Mtembezaji wa Dunga (Kisumu)

Mzee Fundi, nakushukuru sana. Kumbe kosa langu lilikuwa mahali pamoja kati ya patatu, nami nilikuwa nimeshaanza kufuta kila kitu.

Naomba kuongeza maswali mawili. Ukiwa juu ya kilima cha Lirhanda asubuhi, ukungu unapoanza kuinuka, msitu ule unaonekana kama maji yaliyotulia hadi mwisho wa macho, na nilikuta neno jukai, bahari ya miti, ambalo lilinipendeza mno. Je, naweza kulitumia kama kichwa cha ukurasa? Pia rafiki yangu ananishauri niandike janguru, kwa kuwa anasema ndilo linalouza.

Mwalimu wa Lugha (Kakamega)

Naomba niingie hapa, na nianze kwa kumpinga Mzee Fundi kidogo kwa heshima zote, kisha nitakujibu, kaka.

Maelezo ya kupandwa na ya asili yeye mwenyewe amesema yasifanywe sheria, lakini naona ameyaacha yaende bila mfano wa kuyavunja, na mfano upo katikati ya Tokyo. Hekalu la Meiji, Meiji Jingū, lilijengwa mwaka 1920, na msitu unaolizunguka, wenye takriban hekta 70, ulipandwa kwa mikono ya watu, kwa miti ipatayo 100,000 iliyotolewa kama zawadi kutoka pande zote za nchi. Kila mti pale una historia ya kupandwa. Hata hivyo hakuna anayeuita hayashi. Huitwa mori tangu zamani. Waliouanzisha walichanganya aina za miti kwa makusudi, wakiipa nafasi ile ya majani mapana isiyopukutika ili baada ya vizazi kadhaa msitu ujiendeshe wenyewe bila mtunzaji, na leo ukiingia huoni safu wala mkono wa mtu. Kinachoufanya kuwa mori ni hali yake ya sasa, na zaidi ya hapo ni kwamba ni mahali patakatifu.

Huo utakatifu ndio ninaotaka kuukazia, kwa sababu kwenye jibu la kwanza haukuguswa. Katika maandishi ya kale sana ya Kijapani, alama zinazomaanisha hekalu la miungu zilisomwa mori. Hadi leo msitu mdogo unaozunguka hekalu la kijiji huitwa chinju no mori, msitu wa mungu mlinzi wa mahali, hata kama una miti 30 tu na umezungukwa na maduka. Kuna hata alama ya pekee, 杜, ambayo huandikwa badala ya ile ya miti mitatu pale mwandishi anapotaka heshima hiyo isikike, na mji wa Sendai hujiita Mori no Miyako, mji wa misitu, kwa alama hiyo. Ukitaka kuwaeleza wageni kuhusu vijisitu vya jando vya Watiriki, ambavyo mtu haviingii ovyo na miti yake haikatwi, tafadhali usitumie hayashi. Sema chinju no mori no yō na, kinachofanana na msitu wa hekalu, nao watapunguza sauti zao wenyewe kabla hujawaomba.

Sasa jukai. Picha uliyoichora ya Lirhanda ni sahihi, na neno hilo kwa maana yake linahitaji uwe juu, ukitazama chini, usione ardhi. Lakini neno huja na mizigo yake. Kwa Mjapani, ukisema Jukai bila kuongeza kitu, akili yake hukimbilia Aokigahara, msitu ulioota juu ya mawe ya volkano yaliyomwagika kutoka Mlima Fuji mwaka 864, na msitu huo, mbali na uzuri wake, una sifa ya huzuni na vifo ambayo hungependa iwe kichwa cha ukurasa wako. Litumie ndani ya sentensi, ukiwa umeshasema kwamba mtu amesimama kilimani na anatazama mbali, na halitakudhuru. Kwenye kichwa, liache.

Janguru sikushauri. Linaleta picha ya joto kali, nyoka na watu wenye mapanga, na wageni wako ni wapenda ndege na vipepeo ambao wamekuja kumtafuta mbega na shorobo, si kupambana. Kuna pia mitsurin, msitu uliosongamana usiopenyeka, lakini hilo lina harufu ya hadithi za zamani za wapelelezi wa nchi za mbali, nami nimeona kwamba vijana wa Kijapani hawalisemi.

Fundi Miche (Nakuru)

Mwalimu, nimekubali, na ule mfano wa Meiji Jingū nilipaswa kuukumbuka kwa sababu tulipelekwa pale siku ya pili baada ya kushuka kwenye ndege. Nashikilia jambo moja tu: kwa mtu anayeandika kijikaratasi cha safari, kanuni ya mwanga na kina itamwepusha na makosa mengi kuliko historia ya mahekalu. Hata Meiji Jingū ukiingia, jambo la kwanza unalolihisi ni giza na baridi.

Mama wa Mbale (Vihiga)

Nimeusoma uzi huu wote nikifurahi. Mimi si msomi wa lugha. Niliishi Saitama miaka minne na familia yangu, na neno nililolisikia kuliko yote haya halijatajwa: zōkibayashi. Maana yake ni hayashi ya miti ya namna namna, ile ambayo fundi seremala hana haja nayo. Iko nyuma ya mashamba, miti yake mingi ni ya jamii ya mialoni inayoitwa kunugi na konara, na zamani waliikata kila baada ya miaka 15 au 20 kwa kuni na makaa, kisha visiki vikachipuka upya bila mtu kupanda mbegu. Huko Miyoshi wakulima wangali wanakusanya majani yake yaliyoanguka, wanayaozesha na kuyatia kwenye viazi vitamu. Nilipoona hivyo nilimkumbuka marehemu mama yangu na kapu lake.

Ninaloliuliza ni hili: mwenye shamba unakopumzikia ana mikaratusi peke yake, au kuna miti mingine imejiotea katikati yake na watu hukata kuni humo? Kama ni ya namna hiyo, zōkibayashi itawagusa wageni zaidi, hasa wazee wao, ambao wengi walicheza katika misitu ya aina hiyo wakiwa watoto wakitafuta mbawakawa wenye pembe.

Mtembezaji wa Dunga (Kisumu)

Mama, asante. Ni mikaratusi mitupu, iliyopangwa kwa mistari, na chini yake hakuoti hata magugu, kwa hiyo nitabaki na yūkari no hayashi. Hata hivyo jirani yake ana kipande kama hicho unachokieleza, chenye misiola, mitini na mipera iliyojiotea, nami nitamwomba ruhusa tuhamie huko.

Mwalimu, habari ya Watiriki nitaiandika tu baada ya kuzungumza na wazee wao, maana si mali yangu kuiuza.

Nimeandika upya sehemu ya Kakamega. Naomba mnisahihishe: "Kakamega no mori wa nettai urin desu. Mori no naka wa usugurai node, kutsu wo haite kite kudasai." Nimekusudia kusema kwamba msitu wa Kakamega ni msitu wa mvua wa ukanda wa joto, na kwa kuwa ndani yake kuna kigizagiza, waje wakiwa wamevaa viatu.

Swali la mwisho: tukipita Kericho wageni huniuliza kuhusu chai. Nayo ni hayashi?

Fundi Miche (Nakuru)

La hasha. Chai ni chabatake, shamba la chai, hata kama inafunika vilima mpaka upeo wa macho, na miwa ya Muhoroni ni satōkibi-batake. Mmea unaovunwa majani au shina kila msimu ni wa hatake.

Sentensi yako ya kwanza haina kasoro. Ya pili ina mbili. Kiza pekee si sababu ya kuvaa viatu, kwa hiyo taja matope: "michi ga nukarundeiru node", kwa kuwa njia ina matope. Halafu ulivyoiweka, inasikika kama unawakataza watu wazima kuja miguu mitupu. Andika "arukiyasui kutsu de okoshi kudasai", karibuni mkiwa na viatu vinavyofaa kutembelea, na uendelee kuweka vile vya mke wako garini.